Kambarage: Jina Lililokaa Katikati

Mtoto wa Kitanzania anapojaza fomu huandika majina matatu: lake mwenyewe, la baba yake, kisha la babu au la ukoo. Mwonyeshe mtoto huyo jina la Rais wa kwanza wa nchi yake, Julius Kambarage Nyerere, umwulize nani ni nani humo ndani. Atajibu kwa kanuni aliyoizoea: Julius ndiye mwenyewe, Kambarage baba yake, Nyerere babu yake. Kanuni ameifuata vizuri, lakini jibu si sahihi. Nyerere ndiye baba. Kambarage ndiye mwenyewe. Julius ni jina alilolipokea kwa ubatizo akiwa na umri wa miaka 21, tayari mwanafunzi wa chuo cha Makerere.

Aliyezaliwa Butiama, akalelewa na mama yake, akaingia darasa la kwanza na kumaliza sekondari, aliyapitia yote hayo akiwa Kambarage. Jina analojulikana nalo ulimwenguni ni la baba yake. Lake mwenyewe tunalitamka haraka likiwa limebanwa katikati, na tunapoandika mara nyingi tunalikata likabaki herufi moja tu, K.

Nimelipa jina hili sura nzima kwa sababu mbili. Kwanza, ni jina la kiume lililo adimu, na asili yake inajulikana. Pili, safari yake inaeleza jambo ambalo familia nyingi za Afrika Mashariki zimelipitia bila kulitafakari: jinsi jina alilopewa mtoto na watu wake lilivyosogezwa kando hatua kwa hatua na shule, kanisa na ofisi, bila yeyote kukusudia kulifuta.

Mtoto wa masika

Butiama iko mashariki ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Wazanaki, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Mara. Musoma, mji ulio ukingoni mwa ziwa, uko kiasi cha kilomita 40 kutoka hapo. Mgeni anaweza kudhani kwamba watu walio jirani na ziwa kubwa kuliko yote Afrika hawana shida ya maji. Mkulima wa Mara anajua vingine. Bukoba, ng'ambo ya magharibi, hunyeshewa sana. Upande wa mashariki mvua ni chache zaidi na haitabiriki. Mtama, ulezi na majani ya ng'ombe vyote husubiri masika, mvua za Machi hadi Mei. Zikichelewa, kila nyumba hujua, na zamani kila mzee aliulizwa kwa nini.

Katika masika hayo, tarehe 13 Aprili 1922, Mugaya Nyang'ombe alijifungua mtoto wa kiume. Mugaya alikuwa mke wa tano wa Chifu Nyerere Burito, mzee aliyekuwa amekwisha kuvuka miaka 60 na ambaye alikuwa na wake 22. Mtoto alipewa kwanza jina la Mugendi. Kwa Kizanaki, Mugendi ni mtembezi, mtu wa kwenda. Kiswahili chetu kinalitumia tendo hilo hilo tunaposema kwenda.

Jina hilo halikukaa. Omugabhu, yaani mtabiri wa Kizanaki, alishauri mtoto aitwe Kambarage. Hilo lilikuwa jina la mzimu wa kike, mzimu wa mvua. Na masimulizi yanasema kwamba siku alipozaliwa mvua kubwa ilinyesha.

Maelezo hayo yamezoeleka kufupishwa hivi: aliitwa Kambarage kwa kuwa mvua ilinyesha. Ufupisho huo si uongo, lakini unaacha nje karibu kila kitu kinacholipa jina hili uzito wake. Mvua ya Aprili huko Mara si jambo la ajabu, na kila masika huzaliwa watoto wengi chini ya mvua kubwa. Hao wote hawakuitwa Kambarage. Ilihitajika sauti ya mtu aliyeaminiwa kuona yasiyoonekana, aitazame siku ile, amtazame mtoto yule, na aseme ni nani anayemdai.

Mzimu wenye jina

Wazanaki na majirani zao wa Mara waliijua mizimu ya nchi kwa makazi yake. Mmoja ana kilima chake, mwingine ana chemchemi, mwingine mti mkubwa au kichaka ambacho panga halikigusi. Butiama penyewe upo msitu wa Muhunda, karibu na makazi ya familia ya chifu, ambao wazee waliuheshimu kuwa makao ya mzimu. Nchi haikuwa udongo mtupu. Ilikuwa na wenyewe, na anayelima, anayechunga au anayejenga alipaswa kuishi nao kwa adabu. Mvua nayo ilikuwa na wenyewe, na ndiyo sababu Wazanaki walikuwa na waganga wa mvua waliosifika hata kwa majirani.

Kumpa mtoto jina la mzimu ilikuwa njia ya kuishi kwa adabu hiyo. Mtoto akishaitwa Kambarage, kila anayemwita ameutaja mzimu wenyewe. Mama akimwita aje kula, wenzake wakimwita machungani, jina la mleta mvua limetamkwa tena. Jina linakuwa kumbusho la kila siku kwamba kuna deni na kuna ahadi: sisi hatujakusahau, nawe usitusahau. Mtoto mwenyewe anakuwa amekabidhiwa. Anayekabidhiwa kwa mwenye nguvu analindwa, na katika enzi ambayo watoto wengi walikufa kabla ya kutembea, hilo lilikuwa jambo zito kwa mzazi.

Desturi ya kubadilisha jina la mtoto mchanga baada ya kushauriana na mtabiri haikuwa ya Wazanaki peke yao. Wajaluo, majirani wa karibu, wanasimulia jinsi mtoto anayelia bila kunyamaza alivyotajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile ambalo akilisikia hunyamaza ndilo analochukua. Nyuma ya desturi hizi kuna imani moja: jina la mtu lipo kabla ya mtu, na kazi ya wakubwa ni kulitambua. Wazazi wa leo hukaa na orodha na kuchagua linalowapendeza masikio. Wazazi wa Butiama ya 1922 waliuliza.

Kuna pia hili la mzimu kuwa wa kike na mtoto kuwa wa kiume. Msomaji wa leo huenda akashtuka. Wazee hawakushtuka, kwa sababu katika nchi ile mvua na wanawake vilikwenda pamoja. Waikizu, jirani kabisa na Wazanaki, wana simulizi la Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa kuleta mvua, ambaye kutoka kwake ulianza ukoo wa watawala wao. Mahali ambapo utawala wenyewe unasimuliwa kuwa ulitoka kwa mama wa mvua, mtoto wa chifu kubeba jina la mzimu wa kike hakumpunguzii chochote. Kunampa ukoo wa pili, ulio mkubwa kuliko wa baba yake.

Ndugu wa jina hili

Ukitaka kuona upekee wa Kambarage, liweke karibu na majina mengine ya mvua katika ukanda huu, kwa maana yako mengi. Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth, na dada yake ni Akoth. Mluhya ni Wafula, wa kike ni Nafula. Kwa Wakalenjin ni Kiprop na Cherop. Mkamba ni Wambua. Na huko Mara kwenyewe, jina la Wambura limeenea mno hata huwezi kukaa kwenye mkutano wa hadhara usilisikie.

Majina haya yote yana jengo moja. Ndani yake kuna neno la mvua, na nje yake kuna alama ya kusema huyu ni wa mvua. Mtu asiyejua ukoo wako anaweza kulifasiri jina lako kwa kujua lugha tu. Yanatolewa na hali ya hewa, na kila msimu unaongeza wengine.

Kambarage halijajengwa hivyo. Halisemi mtoto wa mvua. Ni jina halisi la mzimu fulani, linalomtaja kama vile ungemtaja bibi yako. Anayejua neno la Kizanaki la mvua hatalipata humo. Ili ulielewe lazima uwe umeambiwa Kambarage ni nani. Ndiyo maana Wambura ni maelfu na Kambarage ni wachache: la kwanza ni la lugha, la pili ni la ibada. Lugha ikiendelea, Wambura wataendelea kuzaliwa. Ibada ikififia, jina la mzimu hubaki bila wa kulitoa.

Baba wa viwavi

Sasa turudi kwa baba, kwa sababu jina la mwana haliwezi kusomwa vizuri bila lake. Nyerere Burito alizaliwa mwaka 1860 au karibu na hapo. Mwaka huo viwavi waliivamia nchi, na mtoto akaitwa Nyerere, ambalo kwa Kizanaki ni kiwavi. Jina ambalo leo limeandikwa kwenye viwanja vya ndege, barabara na vyuo lilianza kuwa kumbukumbu ya mwaka wa viwavi.

Hakuna aibu katika jina hilo. Jamii isiyoandika kalenda huandika kwa watoto wake. Miaka 40 baadaye, mtu akiuliza viwavi walikuja lini, jibu lilikuwa limesimama mbele yake likiwa na mke na ng'ombe: walikuja alipozaliwa huyu.

Lakini zaidi ya kalenda, kuna uhusiano kati ya kiwavi na mvua ambao mkulima yeyote wa ukanda huu ataukubali. Viwavi wanaovamia kwa makundi makubwa katika Afrika Mashariki, wale tuwaitao viwavijeshi, hawatokei ovyo. Nondo wao husafiri usiku wakisukumwa na upepo, na pale dhoruba za mwanzo wa mvua zinapokusanya upepo, nondo nao hukusanyika na kutaga. Mmoja hutaga mayai kwa mamia. Siku chache baadaye mayai huanguliwa, wakati ule ule majani machanga yanapochipua na mtama unapoanza kuonekana juu ya ardhi. Wakiwa wengi hugeuka weusi, hutembea pamoja kama jeshi, na hula kila kilicho cha jamii ya nyasi: mtama, uwele, ulezi, mahindi, malisho. Kunde na mihogo huviacha. Mashambulizi mabaya zaidi huja mara nyingi pale mvua inaporejea baada ya ukame, yaani pale hasa mkulima alipokwisha kushukuru.

Kwa hiyo baba na mwana wote wawili ni watu wa mvua. Baba alibeba upande wake wa kutisha, mvua inayoleta chipukizi na mlaji wake kwa pamoja. Mwana alibeba upande wake wa rehema. Ukiyasoma majina hayo mawili kwa mfuatano wa Kizanaki, Kambarage wa Nyerere, unapata karibu miaka 60 ya maisha ya nchi ile katika maneno mawili: tuliliwa, tukanyeshewa. Sijui maelezo mengine ya hofu na tumaini la mkulima yaliyo mafupi kuliko hayo.

Maji ya Nyegina

Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1937 alikwenda Tabora, shule ya serikali ambako Waingereza waliwakusanya vijana waliofanya vizuri, wengi wao wana wa machifu. Ni katika miaka hiyo ya shule ndipo alipoanza kujifunza dini ya Katoliki. Hakubatizwa upesi. Chifu Burito alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage alianza masomo Makerere, na tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, akachukua jina la Julius. Mama yake Mugaya naye alikuja kubatizwa, akaitwa Christina.

Kwa nini jina la pili lilihitajika? Sheria ya Kanisa Katoliki iliyotungwa mwaka 1917 iliwaagiza mapadre wahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na kama wazazi wangeng'ang'ania jingine, padre aongeze la mtakatifu. Katika Tanganyika ya wakati ule, jina la Kikristo lilieleweka kuwa jina kutoka Ulaya au kutoka Biblia. Jina la mzimu wa mvua halikuwa na nafasi ya kuanza. Lilisogea hatua moja nyuma.

Hebu basi tulitazame jina lililochukua nafasi yake kwa makini yale yale tuliyolipa la Kizanaki. Julius ni jina la ukoo wa Roma ya kale. Papa Julius wa Kwanza wa karne ya nne ni mmoja wa watakatifu waliolibeba. Lakini kabla ya Ukristo ukoo huo ulijivunia asili yake kwa mungu wa kike, Venus, aliyeaminiwa kuwa mama wa Aeneas, ambaye mwanawe Iulus aliupa ukoo jina. Julius Caesar, aliye mashuhuri kuliko wote wa ukoo huo, alimjengea Venus hekalu mjini Roma mwaka 46 kabla ya Kristo akimwita mama wa ukoo. Mwezi wa Julai tunaoutaja kila mwaka ulipewa jina lake.

Naliona jambo hili kuwa zito. Jina lililohesabiwa la kistaarabu na jina lililohesabiwa la kishenzi yalitoka katika wazo moja: familia ya watawala inayojifungamanisha na nguvu ya kike iliyo kubwa kuliko wanadamu, ipate uhai na baraka. Tofauti ni kwamba Venus alikuwa haabudiwi tena kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo jina lake la ukoo halikumtisha mtu. Mzimu wa mvua wa Wazanaki ulikuwa bado unaombwa.

Mwenyewe hakuona ugomvi kati ya majina yake. Alikuwa Mkatoliki wa kusali misa kila alipoweza, na hakulitupa Kambarage. Aliitafsiri pia tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1963, kwa hiyo hadithi ya mwenye jina la Kirumi ilisimuliwa upya kwa lugha ya watu wake na Mwafrika mwenye jina hilo hilo.

Jinsi jina lilivyokuwa herufi

Kwa desturi ya Wazanaki, kama ilivyo kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, mtu hubeba jina lake na la baba yake, basi. Mnyororo hutembea. Burito alimzaa Nyerere, akawa Nyerere Burito. Nyerere alimzaa Kambarage, akawa Kambarage Nyerere. Kwa mwendo huo watoto wa Kambarage wangeitwa fulani wa Kambarage, na jina la mvua lingepata zamu yake ya kuwa jina la baba.

Zamu hiyo haikufika. Shule ya kikoloni, daftari la ubatizo, chuo cha Edinburgh alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952, pasi ya kusafiria, hati za chama: kila karatasi ilitaka jina la mwisho lisilobadilika, kama la familia ya Kiingereza. Jina lililokutwa mwisho wakati karatasi zinaanza kujazwa lilikuwa Nyerere, na hapo mnyororo ukasimama. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, Rais wake alikuwa Julius Nyerere kwa magazeti ya Kiingereza, na hotuba zake zilipoanza kukusanywa vitabuni miaka ya 1960 zilibeba jina la Julius K. Nyerere. Baadaye wananchi walimpa la nne, Mwalimu, likayafunika yote.

Tazama alivyowapa majina baadhi ya wanawe: Andrew Burito, Anselm Magige, Charles Makongoro, Godfrey Madaraka. Kila mmoja ana jina la ubatizo na jina la nyumbani, na mkubwa amepewa la baba wa babu yake, Burito. Lakini jina la mwisho la wote ni Nyerere. Kiwavi wa 1860 akawa ukoo. Mvua ya 1922 ikabaki kwa mtu mmoja.

Hivyo ndivyo uadimu wa jina hili ulivyopatikana, kwa njia mbili zilizokutana. Kwa upande mmoja, imani iliyolitoa ilipungua, na wanaokwenda kwa mtabiri kuuliza jina la mtoto ni wachache. Kwa upande mwingine, mpangilio mpya wa majina uliikata njia ambayo lingepita kwenda kwa wajukuu. Anayemwita mwanawe Kambarage leo kwa kawaida anamkumbuka Mwalimu. Jina limepata chanzo kipya, na chanzo cha kwanza kinazidi kusahauliwa.

Lakini halikupotea. Shinyanga kuna uwanja wa mpira wa Kambarage, na mashabiki hulitaja jina la mzimu wa mvua kila timu inapocheza nyumbani, katika mkoa ambao nao unajua maana ya kusubiri mvua. Zipo shule zenye jina hilo. Na Watanzania wanapomsifu kwa upendo, hasa katika nyimbo na hotuba za kila tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999, husikika wakiliacha Julius na kusema Kambarage. Ni kama wanahisi kwamba hapo ndipo alipo mwenyewe.

Jina linaweza kurudi mbele

Kuna njia moja ambayo jina hili linaweza kusogea kutoka katikati hadi mwanzo, na njia hiyo iko mikononi mwa Kanisa lile lile lililolisogeza nyuma. Sheria mpya ya Kanisa, ya mwaka 1983, haidai tena jina la mtakatifu. Inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Na mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. Mchakato huo ni mrefu na hauna ahadi. Ukifika mwisho, wazazi Wakatoliki wataweza kumbatiza mtoto kwa jina la Kambarage kwa heshima ya mtakatifu wao.

Anayeona hilo haliwezekani amkumbuke Kizito. Kizito ni jina la Kiganda. Kijana aliyelibeba aliuawa pamoja na mashahidi wengine wa Uganda mwaka 1886, na Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Leo Kizito ni jina la ubatizo Dar es Salaam, Nairobi na Kigali, na hakuna padre anayeomba liongezwe la Kizungu. Jina la Kiafrika liliingia katika daftari la ubatizo kwa sababu mtu aliyelibeba aliishi na kufa kwa namna ya kuheshimika. Majina hayahukumiwi kwa lugha yalikotoka. Watu huyapa hadhi kwa maisha yao.

Lakini si lazima tusubiri Roma. Kazi iliyo mbele yetu ni ndogo na iko karibu. Katika familia nyingi bado yupo mzee anayejua jina la katikati la kila mmoja lilitoka kwa nani: nani aliyelitoa, mwaka wa tukio gani, lilibadilishwa kutoka lipi, na kwa ushauri wa nani. Cheti cha kuzaliwa hakina kisanduku cha habari hiyo. Kina nafasi ya jina, tarehe na mahali, na mengine yote yanakaa katika kichwa cha mzee huyo. Akiondoka, jina hubaki kuwa sauti isiyo na maelezo, na mjukuu anayelibeba atajibu fomu kwa kanuni, kama yule mtoto anayedhani Kambarage ni baba wa Julius.

Muulizeni na muandike, nyuma ya Biblia, ndani ya Msahafu, kwenye daftari la ukoo, popote pasipotupwa. Andikeni na majina yanayowatia haya, ya njaa, ya viwavi, ya vilio, ya mizimu ambayo hamuiamini tena. Mwana wa chifu wa Butiama alikuwa Mkristo thabiti na mwanasiasa wa dunia ya kisasa. Serikali yake ndiyo iliyofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Pamoja na hayo yote aliendelea kuweka herufi ile katikati ya sahihi yake hadi mwisho. Hakuhitaji kuuamini mzimu ili aheshimu waliompa jina lake. Tukiandika asili ya majina yetu, tutakuwa tumewapa wajukuu haki ya kufanya hivyo hivyo: kuchagua watakachoamini, wakijua kwanza walikabidhiwa nini.